Panya wa maabara na ngozi yako: maswali tunayoulizwa kliniki Moshi

Ukurasa huu ulianzia kwenye benchi la wagonjwa. Asubuhi moja bibi mmoja kutoka Kibosho alimleta mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, viganja na magoti yamejaa malengelenge. Mengine yalikuwa mabichi, mengine yamepasuka na kugandana na suruali. Nilimweleza kwamba mtoto amezaliwa na ugonjwa huo, hakuungua na wala hakuna aliyemtupia jicho, na kwamba chanzo chake kilijulikana kwa msaada wa panya. Bibi akanyamaza. Nilipokuwa namfunga mtoto kitambaa chenye mafuta, akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyo panya naye walimfunga kitambaa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tangu siku hiyo naandika maswali ya watu nyuma ya daftari, na haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara. Jibu la bibi lipo humu ndani, usiruke.

Panya "aliyebadilishwa vinasaba" ni panya wa namna gani?

Kwa macho ni panya yuleyule: gramu 20 hadi 30, masharubu, mkia mrefu karibu sawa na mwili. Kilichobadilika ni maagizo yaliyomo ndani ya seli zake. Jeni moja inaagiza keratini itengenezwe, ile inayoipa ngozi uimara. Nyingine inaagiza kimeng'enya kinachopika rangi ya ngozi. Mtafiti anaweza kuongeza jeni ambayo panya hakuwa nayo, kuiharibu iliyopo, au kubadilisha herufi moja tu ya maagizo hayo ili ifanane na kosa lililoonekana kwa mgonjwa.

Njia ya zamani ni kuchoma yai lililotungishwa, likiwa bado seli moja, kwa sindano nyembamba kuliko unywele, na kuingiza humo DNA, yaani uzi ulioandikwa jeni. Njia hiyo ilikuwa ya kubahatisha, kwa sababu jeni ilikwenda kutua popote. Baadaye wakajua kuharibu jeni mahususi kwenye seli shina za kiinitete (seli changa zinazoweza kugeuka kiungo chochote cha mwili), kuzirudisha ndani ya kiinitete kingine, na kusubiri azaliwe panya wa mabaka mabaka, sehemu yake imetoka huku na sehemu kule. Ukimzalisha huyo, baadhi ya watoto au wajukuu wake wanabeba badiliko hilo mwili mzima. Kazi hiyo iliwapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Siku hizi wengi wanatumia CRISPR, mkasi wa vinasaba ulioelezwa mwaka 2012 na Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, nao wakapata Nobel yao mwaka 2020. Kilichokuwa kikichukua mwaka na zaidi sasa huchukua miezi.

Kwetu sisi wa ngozi kuna ufundi mmoja ambao ndio uliofungua mlango. Jeni nyingi zinafanya kazi mwili mzima, na ukiizima kila mahali panya anafia tumboni kabla hujaiona ngozi yake. Ni kama kukata umeme kwenye Luku kwa sababu taa ya jikoni inasumbua: nyumba nzima inaingia giza na hujajua tatizo ni nini. Kwa hiyo wakatengeneza swichi ya chumba kimoja, inayozima jeni kwenye ngozi ya juu tu na kuuacha moyo, ini na ubongo. Wengine wakaongeza kwamba swichi isiguswe mpaka panya apewe dawa fulani akiwa mkubwa. Hapo unaweza kuuliza: jeni hii ikifa leo, ngozi iliyokuwa nzima jana inakuwaje?

Ndio wale panya wa Morogoro wanaonusa mabomu na TB?

Hapana. Wale wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine ni panya buku wakubwa, na hakuna aliyegusa vinasaba vyao. Wamefundishwa tu, kama mbwa anavyofundishwa, na malipo yao ni ndizi na karanga. Ninaowazungumzia hapa ni wadogo wa ukubwa wa kidole gumba, na hawajafundishwa kitu.

Kwa nini panya? Kwa nini si nyani, anayefanana nasi zaidi?

Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21. Mtoto anaachishwa ziwa akiwa na wiki tatu hivi, na akifika wiki ya sita hadi ya nane anaweza kuzaa. Ukianza Januari, kufikia Krismasi una vitukuu. Jeni zake nyingi zina ndugu yake kwa binadamu, jambo lililoonekana wazi ramani ya vinasaba vyake ilipochapishwa mwaka 2002. Nyani ni ghali, anazaa mmoja mmoja, na kumweka kwenye kizimba kuna mzigo wake moyoni.

Yuko pia samaki mdogo wa milia, mrefu kama kiungo kimoja au viwili vya kidole. Mwaka 2005 watafiti walimchunguza wa aina iliyopauka, wakakuta jeni iliyoharibika kwake ni ndugu ya ile inayochangia weupe wa ngozi ya Wazungu. Huwa nacheka nikikumbuka: vitabu vyote vilivyoandikwa kuhusu rangi za watu, halafu jibu moja linatoka kwa samaki wa kwenye bakuli.

Nipe mfano mmoja ambapo panya alisaidia kweli. Usizunguke.

Malengelenge ya yule mjukuu wa Kibosho.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Elaine Fuchs na wenzake huko Chicago walikuwa wakichunguza keratini namba 14. Hawakuwa wakitafuta ugonjwa wowote. Walitaka kujua kamba hizo za keratini zina kazi gani kwenye seli za chini kabisa za ngozi ya juu. Wakatengeneza jeni ya keratini iliyokatwa mkia, wakaiweka kwa panya. Vipanya vilizaliwa na ngozi inayovimba maji kila inaposuguliwa. Chini ya darubini ilionekana seli za msingi zimechanika katikati, kama gunia la mahindi lililooza nyuzi.

Hapo ndipo walipofungua vitabu vya magonjwa ya ngozi wakiuliza: binadamu gani anaumwa hivi? Wakakuta ugonjwa wa kurithi wa malengelenge ambao chanzo chake kilikuwa hakijulikani. Wakapima wagonjwa, na mwaka 1991 wakachapisha kwamba wagonjwa hao wana makosa kwenye jeni hiyohiyo. Safari hiyo panya ndiye aliyeugua kwanza, mgonjwa akatafutwa baadaye.

Mjukuu wa bibi hakupona kwa sababu hiyo. Ila nilipomwambia bibi kwamba seli zinachanika kwa msuguano, alielewa mara moja kwa nini viatu vya plastiki vinamuumiza mtoto na kwa nini joto la Februari linazidisha. Tulikubaliana mambo matatu: nguo laini zivaliwe mshono ukiwa nje, lengelenge litobolewe kwa sindano safi bila kuchuna ngozi ya juu, na asibebwe kwa kushikwa makwapani.

Ngozi ya panya inafanana na yangu?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodanganywa na vichwa vya habari.

Nilipokuwa masomoni nje ya nchi nilipewa kazi ya kunyoa panya. Panya mweusi tii. Unamshika shingoni kwa vidole viwili, unapitisha kimashine mgongoni, manyoya yanadondoka kama masizi. Nilitegemea kukuta ngozi nyeusi. Nilichokikuta ni ngozi ya waridi, kama ya kifaranga kilichonyonyolewa! Nikadhani nimemkwangua. Fundi wa maabara akacheka, akaniambia njoo tena wiki ijayo. Niliporudi mgongo ulikuwa umeingia ukijivu, siku chache baadaye ukawa mweusi, kisha manyoya yakatokeza.

Maelezo yake ni haya. Kwa panya, seli zinazotengeneza rangi zinakaa kwenye mashina ya manyoya. Unywele ukilala, rangi hakuna, na unywele ukiamka ngozi inaonekana nyeusi kwa sababu ya mizizi iliyo chini. Kwako na kwangu seli hizo zimepangwa kwenye ngozi yenyewe, na ndizo zinazotukinga na jua la Moshi. Kwa hiyo panya wa kawaida hawezi kukueleza mengi juu ya ngozi nyeusi. Ukitaka akueleze, inabidi kwanza umbadilishe vinasaba ili seli za rangi zibaki ngozini.

Tofauti nyingine unaweza kuzihesabu mwenyewe. Ngozi yake ya juu ina tabaka mbili au tatu za seli hai, yetu ina kati ya tano na kumi, na nyayoni ni nene zaidi. Yeye hatoki jasho mgongoni, tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo. Umeshamwona punda au ng'ombe akitikisa ngozi kufukuza nzi? Panya ana msuli huohuo chini ya ngozi, na akipata jeraha msuli huo unavuta kingo zikutane. Sisi tunalijaza jeraha kwa nyama mpya, polepole. Dawa inayofunga kidonda cha panya kwa siku tano inaweza kukaa kwenye kidonda cha mguu cha mzee wa Rau miezi mitatu bila kuonyesha kitu.

Ndiyo maana ukisikia redioni "wanasayansi wamegundua tiba ya ngozi", swali la kwanza liwe: kwa nani?

Mtoto wangu ana ualbino. Panya anamhusu nini?

Panya mweupe mwenye macho mekundu unayemwona kwenye picha za maabara ana ualbino. Kwake kimeng'enya kiitwacho tairosinasi hakifanyi kazi. Mwaka 1990 watafiti waliwapa panya weupe wa namna hiyo jeni ya tairosinasi inayofanya kazi, wakapata panya wenye rangi. Ikathibitika kwamba upungufu ulikuwa huo tu.

Ila ualbino unaoonekana zaidi kwetu ni wa aina nyingine. Wafugaji wa panya wa mapambo walikuwa na panya mwingine tangu zamani, macho ya waridi, manyoya yamepauka lakini si meupe kabisa. Mwaka 1993 ikaonyeshwa kwamba jeni iliyoharibika kwa panya huyo ndiyo iliyoharibika kwa binadamu wenye aina ya pili ya ualbino, inayoitwa OCA2. Miaka miwili baadaye, 1995, ikachapishwa kazi iliyofanywa kwa wagonjwa wa Tanzania: wengi wao walikuwa na pengo moja lilelile kwenye jeni hiyo, herufi zipatazo 2,700 zimekatika. Pengo hilohilo limeonekana kwa watu wa nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, dalili kwamba lilianzia kwa mtu mmoja zamani sana, kabla koo zetu hazijatawanyika.

Nawaeleza wazazi habari hii kwa sababu moja. Akina baba huja hapa wakisema "kwetu hakuna kitu kama hicho", na mama anainamisha uso. Kwenye aina hii mtoto anahitaji kupokea jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba ameibeba kama mama alivyoibeba, kimyakimya, pengine kwa vizazi kumi. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila 1,400, kwa hiyo wanaoibeba bila kujua ni wengi mno. Unaweza kuwa umepanda nao daladala leo.

Je, kuna dawa ya kurudisha rangi? Dawa moja iitwayo nitisinoni iliongeza rangi kwa panya wenye aina nyingine ya ualbino mwaka 2011. Ilipojaribiwa kwa watu wachache haikuboresha kuona kwao. Kwa sasa kinga ni ileile: kofia pana, mikono mirefu, kukaa kivulini kuanzia saa nne hadi saa kumi, na mafuta ya kukinga jua. Kilisun inatengenezwa hapahapa Moshi kwa ajili yenu. Usiipake kidogo kidogo kwa kuionea huruma chupa.

Nina keloidi sikioni tangu nitoboe. Kwa nini hamna dawa ya uhakika?

Sababu moja ni kwamba panya hapati keloidi. Sungura hupata kovu nene sikioni, lakini kovu hilo haliendi kuvamia ngozi nzima iliyo pembeni kama keloidi inavyofanya. Watafiti wamepandikiza vipande vya keloidi za watu kwenye panya wasio na kinga ya mwili, vipande vikaishi kwa muda, basi. Ugonjwa usio na mnyama wa kuuiga husonga taratibu.

Hapa nasema maoni yangu mwenyewe. Panya anajibu swali aliloulizwa, na maswali mengi aliyoulizwa yametoka kwa watu wenye ngozi nyeupe na pesa za utafiti. Soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba, ina panya wa kila namna: waliobadilishwa jeni, na tangu 2009 hata wanaopakwa tu krimu ya imikwimodi mpaka mgongo uwe mwekundu na magamba. Keloidi, inayotuonea sisi kuliko Wazungu, ipo nyuma. Simlaumu panya kwa hilo.

Na pumu ya ngozi?

Mwaka 2006 timu ya Dundee, Uskoti, iligundua kwamba hitilafu za jeni ya filagrini, inayosaidia ngozi kushika maji, zinachangia sana pumu ya ngozi Ulaya. Wakamkumbuka panya wa zamani mwenye mkia wa magamba, ambaye naye alikutwa na kasoro kwenye filagrini. Kila mtu akafurahi. Kumbe panya huyo alikuwa na kasoro mbili, na mwaka 2013 ikaonekana kwamba muwako wa ngozi yake ulitoka kwenye ile nyingine. Ndiyo sababu siku hizi watu wanapenda panya aliyebadilishwa jeni moja tu inayojulikana kuliko panya wa bahati.

Tena hitilafu hizo za filagrini ni chache kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Mtoto wako wa Majengo anayejikuna usiku kucha huenda ana njia nyingine kabisa ya ugonjwa. Mpake mafuta mazito ndani ya dakika chache baada ya kuoga, na sabuni kali weka kando.

Mbalanga je?

Hapa panya amelipa deni. Kumbuka ngozi ya waridi niliyoikuta: panya wa kawaida hana seli za rangi za kushambuliwa pale juu. Mtafiti John Harris na wenzake walitumia panya waliobadilishwa ili seli hizo zibaki kwenye ngozi ya juu, kisha wakawapa askari wa kinga wanaozishambulia. Mwaka 2012 wakaonyesha ujumbe unaowaita askari hao, na kwamba ukiuzuia, madoa yanapungua. Ujumbe huo unapita kwenye njia ambayo tayari kulikuwa na dawa zinazoiziba. Mwezi Julai 2022 Marekani ikaidhinisha krimu ya ruksolitinibu kwa mbalanga, ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya kurudisha rangi.

Bei yake ndiyo habari nyingine. Mgonjwa mmoja alinionyesha kwenye simu, tukatazamana, tukarudi kwenye dawa zetu za kawaida.

Ukoma nao walitumia panya?

Ndiyo, ila bila kubadilisha vinasaba mwanzoni. Bakteria wa ukoma hawakui kwenye sahani ya maabara. Mwaka 1960 Charles Shepard aliwaotesha kwenye nyayo za panya, ambako mwili una ubaridi kidogo, na njia hiyo ikatumika kupima kama dawa inafanya kazi. Baadaye wakaja panya watupu, wasio na manyoya wala kinga kamili, waliogunduliwa Glasgow miaka ya 1960, na ndani yao bakteria huongezeka sana. Dawa za ukoma ni bure. Ukiona baka lisilo na hisia, njoo.

Mkorogo umepimwa kwa panya?

Mkorogo haujapimwa kwa mtu yeyote wala mnyama yeyote. Anayeuchanganya kwenye beseni nyuma ya duka hana panya, ana wewe.

Panya anaumia?

Swali la bibi. Nilimjibu ukweli: hapana, yule panya hakufungwa kitambaa. Vipanya wenye malengelenge makali wengi wao hufa siku za mwanzo, au huuawa kwa gesi au dawa ya usingizi wasiendelee kuteseka. Wanaopandikizwa saratani ya ngozi hupimwa uvimbe, na ukifika kipimo kilichowekwa wanauawa siku hiyohiyo, hata kama mtafiti alitaka wiki moja zaidi. Nimeona mtafiti akilalamika na mlezi wa panya akikataa katakata. Mlezi ndiye aliyeshinda.

Tangu mwaka 1959, William Russell na Rex Burch walipoandika juu ya jambo hili, maabara zinazojiheshimu huulizwa mambo matatu kabla ya kuanza: huwezi kutumia kitu kisicho mnyama? Huwezi kutumia wachache zaidi? Umepunguzaje maumivu? Hayo hupitiwa na kamati. Kamati nyingine ni kali, nyingine zinapiga muhuri tu, kama ofisi yoyote.

Bibi akauliza tena, wanazikwa? Nikamwambia wanachomwa kwenye tanuri. Akafunga kanga yake vizuri, akamchukua mtoto.

Tanzania ina sheria?

Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayogusa pia wanyama wa utafiti. Viumbe waliobadilishwa vinasaba wana kanuni zao chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Utafiti unaohusu wagonjwa unahitaji kibali cha kimaadili. Huwezi kuagiza panya wa namna hii kwa basi.

Panya hao wakitoroka, watatuletea magonjwa?

Wanakaa kwenye vizimba vya plastiki vyenye hewa iliyochujwa, ndani ya chumba chenye milango miwili. Na wengi wao ni dhaifu mno. Panya asiye na manyoya wala kinga, mwachie soko la Mbuyuni usiku mmoja, paka hatahitaji kukimbia.

Nimesikia kuna ngozi ya nguruwe kwa walioungua. Mimi ni Mwislamu.

Ngozi ya nguruwe ndiyo inayokaribia yetu kuliko ya panya: haina manyoya mengi, ni nene, na inapona karibu kama yetu. Mwaka 2019 huko Boston walianza kuwajaribu wagonjwa walioungua kwa ngozi hai ya nguruwe aliyeondolewa jeni moja inayoamsha kinga ya binadamu. Hukaa kwa muda tu, kufunika jeraha, kisha huondolewa. Hapa kwetu hatuitumii. Ukifika mahali inakotumika una haki ya kuuliza na kukataa, na upande wa dini zungumza na shehe wako, mimi si mtu wa fatwa.

Kwa nini wasitumie ngozi ya kutengeneza, wawaache panya?

Wanatumia, tena zaidi kila mwaka. Ngozi ya juu ya binadamu huoteshwa kwenye vikombe vidogo kutoka kwenye seli zilizobaki baada ya upasuaji, na Umoja wa Ulaya ulipofunga kabisa uuzaji wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013, vikombe hivyo vilikuwa vimeshachukua sehemu ya kazi hiyo. Kupima kama losheni inaunguza, kikombe kinatosha na kinazidi panya. Lakini kikombe hakina damu inayozunguka, hakijikuni, hakina askari wa kinga wanaotoka kwenye tezi kuja kushambulia. Mbalanga isingejulikana kwenye kikombe.

Nikipewa dawa iliyotokana na utafiti huu, vinasaba vyangu vitabadilika?

Kwa krimu na vidonge, hapana kabisa.

Kuna matibabu machache ambayo kweli yanagusa jeni. Mwaka 2017 madaktari walieleza habari za mtoto wa miaka saba huko Bochum, Ujerumani, aliyepoteza karibu ngozi yake yote ya juu kwa ugonjwa wa malengelenge. Walichukua seli zake, wakazitia jeni nzima, wakaotesha mashuka ya ngozi na kumfunika asilimia 80 hivi ya mwili. Akarudi shule. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka yenye jeni ya kolajeni namba 7 kwa aina nyingine ya ugonjwa huo, na kabla ya hapo panya waliokosa kolajeni hiyo walikuwa wametumika kwa miaka kujifunza inavyorudishwa. Jeni hiyo ya kupaka haijichomeki kwenye vinasaba vyako, inafanya kazi kwa muda na kupotea, kwa hiyo unapaka tena. Mabadiliko ya namna zote hizi mbili hayaendi kwa watoto utakaozaa.

Mnanunua panya? Kwangu wako wengi.

Hatununui. Kijana mmoja wa Pasua alituletea ndoo yenye panya kumi na mmoja, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli, akataka elfu mbili kwa kila mmoja. Panya wa dari hajulikani ukoo wake, hajulikani anaumwa nini, na anang'ata. Tulimpa maji ya kunawa na sabuni, tukamwomba aondoke na ndoo yake. Alifika getini, mpira ukakatika.